Picha za ardhi iliyobadilishwa na ujenzi na vita: kifusi peke yake hakisemi nani alikiangusha

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaopiga picha za mandhari ambayo haiwekwi kwenye kalenda: kilima kilichokatwa nusu kupisha barabara, bonde lililomezwa na bwawa, mtaa uliosawazishwa kwa buldoza, mpaka uliosimamishiwa ukuta, shamba lisilolimwa tena kwa sababu lina mabomu ya ardhini. Utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Nianze na jambo linaloniuma. Mtu anapiga picha ya rundo la matofali na nondo zilizopinda, anaweka maneno mawili ya majonzi, basi. Anayeitazama hajui kama nyumba ile ilipigwa kombora, ilibomolewa kupisha reli, au mwenyewe aliiangusha ili ajenge ghorofa. Ukivipiga kwa karibu, kifusi cha bomu na kifusi cha buldoza havina tofauti. Nondo ni zile zile, vumbi ni lile lile. Aliyetoa amri haonekani, na aliyekuwa akilala mle ndani haonekani.

Chukueni District Six, Cape Town. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kuwa eneo lile ni la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa, wengi wakapelekwa kwenye tambarare za mchanga za Cape Flats, na nyumba zao zikabomolewa. Hakuna ndege ya kivita iliyopita pale. Kazi yote ilifanywa na mashine za ujenzi. Nyumba za ibada ziliachwa zimesimama katikati ya uwanja mtupu, hazina waumini wa jirani. Ukiletewa picha ya uwanja ule bila neno lolote utadhani ni kiwanja kinachosubiri mwekezaji.

Beirut ni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon vilianza 1975 vikaisha 1990. Mwaka 1991 Gabriele Basilico, Mwitaliano aliyesomea usanifu wa majengo, alikuwa mmoja wa wapiga picha walioalikwa kupiga katikati ya mji ule. Alitumia kamera kubwa ya kufunga kwenye stendi, akaipiga mitaa kwa utulivu kama mtu anayepiga mji ambao haujaguswa na vita: mistari imenyooka, mwanga umetulia, matundu ya risasi yanahesabika ukutani. Miaka michache baadaye mradi wa kuujenga upya mji ukaangusha majengo mengi ambayo vita viliyaacha yamesimama. Kwa hiyo picha zile zimekuwa ushahidi wa mambo mawili kwa mpigo: mizinga ilifanya nini, na buldoza ilikuta nini. Basilico asingejua siku ile kwamba anapiga jambo la pili. Alilipata kwa sababu alipiga mtaa mzima, kona hadi kona, badala ya kuchagua tundu moja kubwa la kutisha.

Kwa upande wa maelezo ya picha, mwalimu wangu ni David Goldblatt wa Afrika Kusini (1930–2018). Ana picha moja ya kichaka. Matawi yamejipinda, mengine yanatambaa chini. Unaweza kuipita bila kusimama. Maelezo yake yanaeleza kwamba haya ni mabaki ya ua wa milozi-mwitu uliopandwa mwaka 1660 ili kuwazuia Wakhoikhoi wasiingie katika makazi ya kwanza ya Wazungu. Kirstenbosch, Cape Town, 16 Mei 1993. Soma mstari huo kisha rudi kwenye picha. Utajikuta unatafuta mpiga picha amesimama upande upi wa ua.

Tazameni kilichomo ndani ya mstari ule mmoja: kitu ni nini, kiliwekwa lini, kumzuia nani, kipo wapi, na siku picha ilipopigwa. Hamna neno hata moja la kumlazimisha msomaji ahuzunike.

Msimamo wangu basi ni huu: anayepiga ardhi iliyobadilishwa anawajibika kwa vitu vitatu zaidi ya picha yenyewe. Aseme amesimama wapi, aseme lini, na aseme nani alifanya nini pale kadiri anavyoweza kuthibitisha. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi mzito, ila hapo kwenye maelezo tunatofautiana. Picha inayohitaji aya nzima ili ieleweke imeshindwa kazi yake. Mimi nataka picha inishike kwanza. Maelezo ni kazi ya mwandishi wa habari.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Picha ni lazima imshike mtu, la sivyo hata maelezo hayatasomwa. Wapo wakubwa waliofanya kama unavyosema. Mfaransa Sophie Ristelhueber alikwenda Kuwait mwaka 1991, miezi michache baada ya Vita vya Ghuba kumalizika, akapiga jangwa kutoka angani na kutoka ardhini. Mahandaki, alama za magurudumu, mashimo ya mabomu, blanketi lililoachwa mchangani. Akazichanganya kwa makusudi hadi hujui unachokitazama kina upana wa kilomita au wa mkono. Hakuna upeo wa macho wa kukushikilia. Picha zile ziko 71 na zina nguvu kubwa bila aya ya maelezo.

Lakini angalia: tunajua ni Kuwait, tunajua ni 1991, tunajua ni vita gani. Alichokinyima macho alikitoa kwenye rekodi. Kwa hiyo sisemi kila picha ibandikwe aya chini yake. Ukitaka kuinyamazisha picha ukutani, inyamazishe, ila rekodi iwepo mahali, kamili, na mtu akiitafuta aipate.

Na kuna hatari ya pili katika "inishike kwanza". Ardhi iliyoharibiwa inaweza kupendeza mno. Edward Burtynsky wa Kanada amepiga machimbo, mito yenye taka za migodi, na ujenzi wa bwawa la Three Gorges nchini China, mradi uliohamisha watu zaidi ya milioni moja. Rangi zake zinavutia kweli kweli. Kilichonifanya niziamini picha zake za Three Gorges ni zile zinazoonyesha miji ikibomolewa kwa mikono, watu wadogo kabisa juu ya milima ya matofali, kabla maji hayajapanda. Hapo ukubwa wa fremu una kazi: unaona mji, na unaona mtu mmoja na nyundo yake. Uzuri ukimfanya mtazamaji abaki mbele ya picha muda wa kutosha kumwona yule mtu, umefanya kazi. Ukimfanya aseme tu "rangi nzuri" kisha aondoke, umemnyang'anya mtu yule nyumba mara ya pili.

#4 Mchangiaji

Kaka mimi natumia simu tu, na sehemu ninayopiga inabadilika kila mwezi, ujenzi mkubwa unaendelea. Nikirudi picha hazilingani na za mwanzo. Nifanyeje?

#5 Mleta uzi

Simu inatosha kabisa kwa kazi hii, ndugu yangu. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kurudi.

Marekani kulikuwa na mradi ulioongozwa na Mark Klett kati ya 1977 na 1979. Walitafuta mahali ambapo wapiga picha wa karne ya 19 kama Timothy O'Sullivan na William Henry Jackson waliposimama walipokuwa wakipima maeneo ya magharibi mwa nchi hiyo, wakapiga tena kutoka pale pale. Njia waliyotumia unaweza kuitumia leo na simu yako.

Chukua picha ya kwanza. Tafuta ndani yake kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyokaribia kupishana, tuseme pembe ya jiwe kubwa na kilele cha kilima nyuma yake. Ukirudi, simama unapodhani ulisimama, ulinganishe. Ukiona jiwe limekaa kulia zaidi ya linavyoonekana kwenye picha ya zamani ukilipima na kilele, sogea kulia. Likikaa kushoto zaidi, sogea kushoto. Jiwe likiwa kubwa mno ukilinganisha na kilima, rudi nyuma. Kuvuta kwa lenzi hakurekebishi hilo, maana lenzi inakuza vyote kwa pamoja. Ni miguu yako tu inayobadilisha uhusiano wa karibu na mbali. Ukishapata kulia na kushoto, angalia juu na chini, kwa kuwa kimo cha kamera nacho hubadilisha vitu vinavyofunika vingine.

Rudi saa zile zile za siku, na ukiweza majira yale yale ya mwaka, ili vivuli vilale sawa. Kivuli kinaweza kulifanya tuta la udongo lionekane limepanda wakati halijaguswa. Tumia lenzi ile ile ya simu, usitumie ile ya upana mkubwa inayopindisha kingo. Na kila mara piga fremu moja ya ziada ukigeuka nyuma: sehemu uliyosimama nayo inabadilika, na mara nyingi ndiyo itakayofuata kuchimbwa.

#6 Mchangiaji

Naomba niongezee, kazi yangu ni upimaji ardhi. Msichague nguzo za umeme, mabango au miti ya kando ya barabara kuwa alama zenu za kurudia. Katika mradi wowote hivyo ndivyo vinavyoondolewa kwanza. Chagueni mstari wa milima, mwamba uliozama ardhini, mnara wa jengo kubwa lililo nje ya eneo la mradi. Na mkiona vigingi vilivyopakwa rangi au namba zimeandikwa ukutani, pigeni siku hiyo hiyo. Pale mpango umeshafika ardhini, hata kama nyumba bado zina watu. Wengi wanakuja na kamera siku mashine zinapofika, na hapo nusu ya habari imeshapita.

#7 Mleta uzi

Mkuu umenena, na hilo la kuwahi ndilo Paris walilifanya zamani. Miaka ya 1860, wakati Haussmann, mkuu wa mkoa, anapasua mji kwa amri ya mfalme Napoleon III, mpiga picha Charles Marville alipewa kazi na mji wenyewe kupiga vichochoro vilivyopangiwa kubomolewa. Mawe ya njiani yamelowa, maji machafu yanapita katikati, milango iko wazi. Serikali iliyobomoa ndiyo iliyolipa. Hilo nalo tuliandike tunapotumia picha za namna hiyo: nani aliagiza, kwa sababu aliyeagiza alikuwa na sababu zake za kutaka vichochoro vionekane vichafu.

Niongeze na mabwawa. Kariba ilipojengwa kati ya 1955 na 1959, Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka bonde la Zambezi. Akosombo nchini Ghana, lililokamilika 1965, liliwaondoa watu wapatao 80,000. Ukipiga maziwa yale leo unapata machweo mazuri na mitumbwi. Kwa bwawa, picha ya "baada" karibu kila mara inasema uongo, kwa kuwa maji yanafunika vizuri kuliko kifusi. Inabidi utafute kingo: visiki vinavyojitokeza maji yakishuka, barabara inayoteremka na kuishia ziwani, kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari iliyonyooka mno. Na watu waliohamishwa wanakumbuka nini kiko chini ya nini. Simama nao ufukweni, waulize, andika wanachosema pamoja na uelekeo wa kamera yako.

#8 Mchangiaji

Mleta uzi hujagusa usalama. Daraja, bwawa, mpaka, kambi: vyote hivi ukinyanyua kamera unaulizwa. Na sehemu zilizotoka vitani je?

#9 Mleta uzi

Asante, hapa nisichelewe.

La kwanza ni mabomu ya ardhini. Jo Ractliffe wa Afrika Kusini alipiga kusini mwa Angola mwaka 2009 na 2010 akiwa pamoja na wanajeshi wa zamani waliokuwa wakirudi kwenye maeneo waliyopigania. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, nyingi ni vichaka, mchanga, njia tupu. Ukishajua baadhi ya maeneo yale yalitegwa mabomu, unamwelewa mpiga picha kwa kuangalia tu aliposimama. Katika nchi ya namna hiyo usiondoke kwenye njia inayokanyagwa kila siku, hata kwa hatua moja ya kutafuta pembe nzuri. Shamba lililoachwa pori katikati ya mashamba yanayolimwa ni onyo. Nyumba tupu ni onyo. Mafuriko huhamisha mabomu, kwa hiyo njia iliyokuwa salama kabla ya mvua iulizie upya. Waulize wenyeji na wategua mabomu, na wakikwambia hapana, hakuna picha inayostahili ubishi.

La pili ni sheria. Nchi nyingi zina sheria inayozuia kupiga mitambo ya kijeshi na miundombinu fulani, na kibali cha droni ni jambo la peke yake. Ijue sheria ya pale unapopiga kabla hujatoka. Kama huwezi kufika au huruhusiwi, setilaiti zipo. Kumbukumbu za Landsat zinaanzia 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zinapita kila baada ya siku chache na alama ndogo kabisa kwenye picha zake ni ya mita 10. Nyumba moja hutaiona vizuri, lakini mtaa kupotea utauona, na utajua ni kati ya tarehe ipi na ipi. Mimi huitumia hiyo kusahihisha simulizi za "ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa".

La tatu ni watu. Josef Koudelka wa Czechoslovakia alipiga uvamizi wa majeshi ya Kisovieti na washirika wake mjini Prague, Agosti 1968, na picha zilipotoka nje zilichapishwa bila jina lake ili familia isidhurike. Alikuja kujulikana hadharani kama mpigaji mwaka 1984, baada ya baba yake kufariki. Huyo huyo ndiye aliyekwenda kati ya 2008 na 2012 kupiga ukuta ambao Israeli ilianza kuujenga mwaka 2002, kwa fremu ndefu za upana, ukuta ukiukata mlima na mizeituni. Watu hawaonekani sana katika picha zile za baadaye, ila ardhi nayo inaweza kumtaja mtu. Dirisha, mti wa uani, rangi ya geti: jirani atajua ni kwa nani. Simu nyingi huandika ndani ya faili mahali ulipo kwa GPS. Kama aliyekuruhusu kupiga kutoka darini kwake anaweza kusumbuliwa, ondoa taarifa hizo kwenye nakala unayoitoa, zibaki kwenye nakala unayoitunza.

#10 Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu dada yenu. Kuhariri je? Naona watu wanabadilisha anga, wanafuta nyaya, wanafuta hata gari la mkandarasi.

#11 Mleta uzi

Dada, gari la mkandarasi ndilo ushahidi wenyewe! Lina jina ubavuni.

Tatizo ni la zamani. George Barnard alipopiga njia ya jeshi la Jenerali Sherman katika vita vya ndani vya Marekani, kemikali za wakati ule zilikuwa nyepesi mno kuathiriwa na mwanga wa buluu, anga ikawa inatoka nyeupe tupu. Akawa anachapa mawingu kutoka fremu nyingine. Mawingu yale yanaleta hisia ya msiba ambayo huenda siku yenyewe haikuwa nayo.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Roger Fenton, mpiga picha Mwingereza, katika Vita vya Crimea, 1855. Alipiga bonde lililokuwa likishambuliwa kwa mizinga, na zipo picha mbili kutoka pale pale. Katika moja, risasi za duara za mizinga zimelala kando ya njia tu. Katika nyingine zimetapakaa hadi katikati ya njia. Ubishi ukawa: ipi ilitangulia? Je, Fenton alizisambaza, au askari waliziondoa? Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, alilifuatilia swali hilo hadi kwenda mahali penyewe. Jibu lilitoka kwenye vijiwe. Kwenye mteremko kuna mawe madogo ambayo katika picha yenye risasi njiani yameteremka kidogo, kama yaliyokanyagwa au kusukumwa na mtu aliyekuwa akitembea pale. Mawe hayapandi mlima yenyewe, kwa hiyo picha yenye njia tupu ndiyo ya kwanza.

Tumeweza kuyajua haya kwa sababu picha zote mbili zilibaki, na vijiwe havikufutwa kwenye picha. Kama Fenton angekuwa na programu za leo na akasafisha mteremko ule "upendeze", tungekuwa tunabishana hadi kesho. Rekebisha mwanga, nyoosha mistari, hilo halina neno. Usiondoe kitu, usiongeze kitu, na usifute fremu unazoziona ni mbaya.

#12 Mchangiaji

Na kutunza? Mimi nina picha za mtaa wetu kabla haujabomolewa, ziko kwenye simu tu.

#13 Mleta uzi

Zitoe leo hii, mkuu. Nakili faili halisi kwenye diski mbili tofauti, na nyingine iwe mbali na nyumbani kwako. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, mfano 2019-03-14 na jina la mtaa, ili zijipange zenyewe. Kisha fungua faili moja ya maandishi ya kawaida, kwa kila picha andika: umesimama wapi, umeelekea upande gani, nyumba ipi ni ya kwanza kushoto, tangazo la kuhama lilitolewa na nani na lilisema tarehe ipi. Kama una picha ya tangazo lenyewe, iweke humo humo. Majirani wa zamani wapelekee nakala, wakuongezee majina ya vichochoro, maana wanayakumbuka kuliko ramani. Ukishamaliza hatua hiyo njoo hapa tuangalie ipi ya kurudia kupiga kwanza.